Masika ya Pemba: tafuteni pakavu pamoja

Dada yangu uliyehamia Wete, karibu Pemba. Swali lako nimelisoma mara mbili, na nimeona nilijibu kwa urefu, maana wengi wamekuambia "utazoea tu", na neno hilo halimpi mtu kitu cha kushika.

Umesema umekuja Januari kutoka Dodoma kumfuata mume wako aliyehamishiwa huku kikazi. Watoto wawili, wa miaka minne na saba. Januari na Februari ulipapenda, lakini mvua ilipoanza mwishoni mwa Machi ukaanza kujiona umefungiwa. Nguo hazikauki, watoto wanagombana tangu asubuhi, mume anarudi jioni amelowa, na umeme ukikatika hata simu inazima. Umeuliza mambo mawili: itakwisha lini, na sisi wenyewe masika tunaishije.

La kwanza ni jepesi. Masika yetu ni Machi, Aprili na Mei, na Aprili ndiyo yenyewe. Kwenu Dodoma mvua ina msimu mmoja na watu wanaiombea dua. Sisi tuna ya masika na ya vuli, na Pemba inanyeshewa kuliko hata Unguja. Kisiwa hiki Waarabu wa zamani walikiita Al-Jazira al-Khadhraa, Kisiwa cha Kijani, na ukijani huo haukuja hivi hivi. Mei ikimalizika usitegemee jua la moja kwa moja. Juni kinaingia kipupwe, upepo wa Kusi unavuma, na katikati yake kuna vimvua vya mchoo vinavyokuja bila kupiga hodi. Usiku joto linashuka mpaka nyuzi 22 hivi. Wewe wa Dodoma hutaiita baridi hiyo, maana Julai yenu ni kali zaidi. Lakini baridi yenu ni kavu, ya huku ina maji ndani yake, inaingia kwenye mto na shuka, na wazee wetu hujifunika mchana. Kwa hiyo hesabu miezi mitano, kama si sita, ambayo watu wa huku tunakaa ndani kuliko nje.

La pili ndilo linalonifanya niandike. Mie ni mtu wa Mtambwe, hapo ng'ambo ya Wete, na sasa naishi Chake Chake. Nimezaliwa katika nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti, ya bibi na babu, vyumba vitatu na ukumbi. Kila mwaka kaskazi, msimu wetu wa jua, ikielekea kwisha, kabla ya wingu la kwanza, babu alipanda juu kubadilisha makuti. Bibi alikuwa na neno lake, tone la kwanza likidondoka tu utalisikia: "Tafuteni pakavu pamoja." Sisi wajukuu tulikuwa tisa, na tulilielewa kuwa tukae sote kwa pamoja, tusitawanyike. Tukakimbilia ukumbini, tukabanana mkekani kama dagaa. Nilipokuwa mtu mzima, bibi keshatangulia mbele ya haki, ndipo ami yangu aliponieleza. Babu hakuwahi hata mwaka mmoja kupata makuti ya kuezeka nyumba nzima. Alikuwa anaezeka ukumbi peke yake. Vyumba vilivuja vyote, ndoo na masufuria yametegwa kila pembe, na bibi alikuwa anasema mahali pamoja, si pawili. Hatukujua kama tulikuwa maskini. Tulijua kuwa mvua ikinyesha tunalala ukumbini sote na bibi katikati, na usiku huo tuliusubiri.

Basi ushauri wangu wote unatoka hapo. Usijaribu kuishinda masika nyumba nzima, haitawezekana, hata kwenye nyumba ya bati na saruji kama hiyo mliyopangishiwa. Bati halivuji, sawa, lakini sakafu ya saruji masika hutoa jasho na kuta zinashika kuvu. Chagua mahali pamoja. Paangalie asubuhi mvua ikiwa inanyesha: wapi mwanga unafika bila taa, na upepo hauingizi rasharasha? Mara nyingi ni karibu na mlango wa uani. Hapo tandika jamvi kwanza, mkeka juu yake. Jamvi ni zito, linazuia ule unyevu wa sakafu. Mkeka peke yake utaoza kwa wiki tatu na watoto wataamka wanakohoa. Vyote viwili utavipata sokoni Wete. Kila jua likitoka, hata la nusu saa, vitoe nje uvianike. Jua la masika haliahirishwi. Mie nikiliona naacha hata chakula jikoni.

Kwenye pakavu pako weka vitu vichache vinavyokaa hapo hapo siku zote: taa ya chemni iliyotiwa mafuta na utambi uliokatwa vizuri, kiberiti ndani ya kopo lenye kifuniko, kikapu cha kazi ya mkono, na buli la chai. Mume wako akirudi asiulize mko wapi.

Kuni nazo zina ukavu wa namna yake. Bibi alikuwa na uchaga juu ya mafiga, kuni za wiki ijayo zinakaukia moshi wa kuni za leo. Wewe nadhani una gesi, na mkaa kidogo. Mkaa wa masika hununui asubuhi ukapika mchana, umeshalowa njiani. Nunua mapema, uutie kwenye ndoo yenye kifuniko, uweke na mfuko wa vifuu vya nazi uvunguni mwa kitanda. Kifuu kimoja kinakamata moto hata siku ambayo kila kitu kimekuwa maji, na harufu yake ni nzuri kuliko mafuta ya taa. Watoto wangu mpaka leo wakisikia harufu ya kifuu kinaungua wanajua ni siku ya mkate wa kumimina.

Nikuhadithie siku ambayo mie mwenyewe niliyaelewa haya, kwa sababu usidhani nilizaliwa nikiyajua. Watoto wangu walikuwa wadogo, watatu, mdogo kabisa ana miaka minne kama wako. Mume wangu alikwenda Unguja kumpeleka mama yake hospitali, akasema siku nne. Ulikuwa Juni, Kusi limeamka, boti zikazuiwa. Siku nne zikawa tisa. Huku hakuna anayegombana na tangazo la kuzuia boti, hasa tangu Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama usiku ikija Pemba na kuchukua watu wetu kwa mamia. Wete, Micheweni, Chake, kila mtaa ulikuwa na msiba. Akipiga simu akisema "leo tena hapana", nasema alhamdulillahi, kaa huko huko. Lakini moyo haukai. Siku ya tano mvua ilianza alfajiri, umeme ukakatika, na ndani nina unga wa ngano kidogo, nazi mbili, sukari na iliki. Watoto wamechoka, wameshagombania kila kinachogombaniwa. Mie nilikuwa nimekaa kitandani, simu mkononi, naitazama kama itaniambia kitu.

Yule mkubwa, msichana, akaja akaniuliza, "Mama, bibi mkubwa alikuwa anafanya nini mvua ikinyesha?" Nikaondoka pale kitandani. Nikatandika mkeka karibu na mlango, nikachukua sinia, nikakanda unga, nikasema leo tunafanya vipopoo.

Sijui kama Dodoma mnavijua. Ni chakula cha kitamu, na kwa siku ya mvua yenye watoto ndani sijaona kinachokishinda, kwa sababu kazi yake ni ya vidole vidogo. Unga vikombe viwili, chumvi kidogo sana, maji ya moto unatia kidogo kidogo mpaka upate donge gumu lisiloshika mkononi. Kata vipande, kila mtoto mpe chake, avingirishe kama kamba nyembamba, kisha avunje vipande na kuviviringa viwe vidonge vidogo kama kunde. Hapo utapata saa nzima ya amani. Nyunyiza unga kwenye sinia visigandane. Ikune nazi, tui la kwanza liweke pembeni, tui la pili chemsha, tumbukiza vipopoo na ukoroge kwa upole. Vikiiva vinapanda juu na vinakuwa vinang'aa. Ndipo utie sukari, iliki uliyoitwanga wakati huo huo, na mwisho tui zito, huku unakoroga lisikatike, mpaka kiwe kizito cha kushika kijiko. Wengine hutumia unga wa mchele, nao ni laini zaidi, lakini wa ngano unawavumilia watoto. Moto au vuguvugu, vyote sawa.

Yule mdogo hakuweza vidonge vidogo, akatengeneza vikubwa kama njugu, akatengeneza na samaki mmoja na kitu alichosema ni boti ya baba. Nilivipika vyote. Tulikula kwenye sinia moja, na ile boti kila mtu alimwachia mwenyewe. Mvua ilikuwa inapiga bati hatusikilizani, tunacheka tu. Baba yao aliporudi salama na mfuko wa zawadi, kitu cha kwanza walichomwambia, kabla hata hajaukalisha mfuko chini, ni vipopoo. Mwenyezi Mungu shahidi, zile siku nne zilizobaki sikuzihesabu.

Sasa kuoga mvua. Najua mama wengi wa bara hawataki, mnaogopa homa. Lakini mtoto wa Pemba aliyenyimwa kuoga mvua amenyimwa kitu kikubwa. Masharti ni haya: si mvua ya kwanza, hiyo inaosha vumbi na uchafu wa bati, si penye radi, si chini ya mnazi, nazi na makuti makavu huanguka wakati wa upepo. Ukishahakikisha hayo, watoe uani, wakae chini ya mlizamu, pale maji ya paa yanapomwagika, yawapige mgongoni mpaka wapige kelele. Dakika kumi zinatosha. Wewe uwe umeshaweka uji. Wakiingia wafute, wavike nguo kavu, wape uji wa mtama wa nazi wenye tangawizi na pilipili manga, wakae kwenye jamvi. Watalala mchana huo bila kuambiwa. Na maji ya mlizamu yakinge kwenye pipa, ni maji laini, sabuni inatoa povu haraka, nguo nyeupe zinatakata kuliko kwa maji ya mfereji.

Nguo zenyewe: tandaza kamba upenuni, usizirundike. Zikibaki na unyevu, pasi ya mkaa inamaliza kazi ambayo jua limeshindwa. Asubuhi ya mvua, mtoto akivaa shati la skuli lililotoka kwenye pasi sasa hivi, lina joto bado, utamuona anavyojikunyata ndani yake akitabasamu. Na jioni chetezo. Kijiti cha udi au ubani kidogo juu ya kaa, pitisha chini ya kanga na mashuka, funga mlango robo saa. Ule uvundo wa masika unaondoka, na mbu wanapungua. Wengi hudhani udi ni wa harusi na wageni. Kwa bibi yangu udi wa mvua ulikuwa wa watu wa nyumbani.

Majongoo yatakuja, usiyaue kwa chumvi ndani, yafagie tu. Kumbikumbi wakifuata taa, zima ya ndani uwashe ya nje.

Tuje kwenye upweke, maana nimeona kwenye maneno yako kuwa hilo ndilo linalokuuma kuliko nguo. Umesema majirani "wamejifungia". Hawakujifungia, dada. Wamekaa nyuma. Masika mlango wa mbele unakuwa umefungwa kwa sababu ya rasharasha, maisha yote yanahamia uani na upenuni. Wewe unawasubiri mbele. Piga hodi mlango wa uani, baada ya adhuhuri, chakula kikishaondoshwa. Na usiende mikono mitupu mara ya kwanza: peleka sahani. Iwe chochote, vipopoo vyenu hivyo hivyo, au kitu cha kwenu Dodoma, karanga za kukaanga, ubuyu. Funika kwa kawa. Sahani hiyo haitarudi tupu, na itakaporudi, atakayeileta ni mtoto wa jirani, na hapo wako wa miaka saba keshapata rafiki. Mama mtu mzima mwite Bi na jina lake, msalimie shikamoo, kisha ukae chini ulipoelekezwa. Usiwe na haraka ya kuondoka.

Utakuta wanafanya kazi. Masika ni wakati wa kusuka ukili, ile mikanda ya majani inayoshonwa kuwa mikeka, na si kwa sababu ya kukosa la kufanya. Miyaa, yaani majani ya kusukia, ikiwa kavu inavunjika, kaskazi lazima uilowanishe kila mara. Masika hewa yenyewe imelowa, ukili unatoka laini na umekaza. Pinda nyingi za ukili husukwa miezi hii, kisha majamvi na mikeka yakashonwa na kuanikwa jua likirudi. Omba wakufundishe ukili wa njia chache. Utakosea, watakufumulia, utaanza tena, na katika kule kufumua na kuanza ndimo utakamosikia habari za mtaa: nani kajifungua, nani mgonjwa, wapi samaki wamepatikana leo.

Mie kazi yangu ni kofia. Kofia ya mkono, ile ya kutobolewa vitundu na kushonwa nyuzi mpaka ua likatoka, inanichukua miezi miwili nikishona kila siku kidogo. Naishona mlangoni kwa mwanga wa mchana tu, macho yangu si ya taa tena. Kitambaa cheupe masika kinashika madoa ya kuvu haraka, ukishalipata doa halitoki. Mwaka mmoja niliiacha kofia iliyobaki kidogo tu kwisha juu ya kabati, wiki mbili, nilipoishusha ina vidoadoa vya kijivu pande zote. Nililia kama mtoto. Tangu hapo kofia yangu nikiiweka naifunga ndani ya kanga kavu pamoja na karafuu chache, nayo inakaa kwenye kikapu pale pale penye jamvi. Ya mwaka ule sikuitupa. Niliimaliza vile vile na madoa yake, na mume wangu anaivaa nyumbani, anasema hiyo ndiyo anayoipenda.

Chakula cha miezi hii si cha kifahari, na mie nakipenda kuliko cha kaskazi. Kusi likichafua bahari, wavuvi wa upande wa mashariki, Kojani na Micheweni, hawatoki kila siku, samaki wabichi wanakuwa wachache na bei inapanda. Ndiyo faida ya ng'onda na papa mkavu waliokaushwa wakati wa jua. Papa wa nazi kwa ugali wa muhogo, mvua inanyesha, pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuliwa inaelea kwenye mchuzi: jaribu siku moja uniambie. Asubuhi majimbi au muhogo wa kuchemsha na chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, iliyotiwa mchaichai. Shelisheli choma kwenye makaa mpaka ganda liwe jeusi, menya, kula moto na chumvi. Mwaka 2022 Ramadhani karibu yote iliangukia Aprili, mvua juu ya mvua, na nakumbuka futari ya mwezi ule kwa utamu wake: mihogo ya nazi, uji wenye pilipili manga, na sote tumekaa pale pale mlangoni tunasikiliza adhana ikipenya kwenye kelele za bati.

Kahawa ya barazani muachie mume wako. Mwambie asikae ndani akisikiliza mvua, akavuke mpaka baraza yenye paa, wazee wanacheza dhumna na bao, na haluwa ya Wete inajulikana. Akionekana mara tatu, ya nne watamuwekea nafasi.

Usiku. Umesema umeme ukikatika ndipo unapohisi vibaya zaidi. Kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga kufika mwaka 2010, umeme wa Pemba ulitegemea majenereta ya Wesha, na kwetu Mtambwe utotoni hata huo haukufika. Tulikuwa na koroboi na sauti ya bibi. "Paukwa!" Sisi: "Pakawa!" Hadithi ya sungura tuliyoisikia mara arubaini, na mara ya arubaini tulikuwa bado tunamuogopea. Kisha vitendawili. "Nyumba yangu haina mlango." Yai. "Kuku wangu katagia mibani." Nanasi. Aliyeshindwa alitoa mji, na bibi mwenye mji mkononi alijisifu alivyozunguka Chake, Mkoani, mpaka Unguja, akala hiki na kile, ndipo atoe jibu. Jaribu na wanao. Wa miaka saba baada ya siku mbili atakuwa anatunga vyake. Vitakuwa havina jibu la maana, na wewe mpe mji.

Kuna usiku mmoja wa namna hiyo, nilipokuwa na miaka minane au tisa, mvua ilikata ghafla kama mtu aliyefunga mlango. Kimya. Halafu vyura wote wa bonde la mpunga wakaanza kwa pamoja. Bibi akasema, "Haya, wenye bonde wamefurahi." Mabonde yetu hupandwa mpunga mvua hizi, kwa hiyo kila tone linalokukera wewe ndani, bondeni lina mwenyewe anayelishukuru. Ukifika Juni utaona mpunga unachanua na watoto wakiamia ndege tangu alfajiri. Na kabla haujakomaa kabisa, utakiona mtaani kitu kinaitwa pepeta: mpunga mchanga uliokaangwa ukatwangwa mpaka ukawa bapa, wa kijani kidogo, unanukia majani. Unachanganya na nazi iliyokunwa na sukari. Unapatikana kwa siku chache tu. Ukimuona mama ana ungo wa pepeta nunua hapo hapo, usiseme nitarudi.

Umeuliza pia kama gesi inatosha. Kwa chai na mchuzi inatosha. Kwa mkate wa kumimina tafuta seredani, jiko la mkaa, maana unataka moto chini kidogo na makaa juu ya kifuniko. Mchele uloweke usiku, usage na tui zito, hamira, sukari na iliki, uuache uumuke. Masika hamira inachelewa kwa ubaridi, usiilazimishe. Weka bakuli karibu na jiko ulifunike shuka, nenda kaongee na jirani, ukirudi imepanda.

Ikifika Julai au Agosti, mwaka wa neema, mikarafuu itaanza kuchumwa. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliilaza mikarafuu ya Unguja, ya huku ikanusurika kwa wingi, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zinatoka Pemba. Utaziona zimeanikwa kila palipo wazi, viwanjani, pembeni ya barabara, juu ya majamvi yale yale yaliyosukwa masika, na mji mzima utanukia. Zikinyeshewa zinaharibika, na vimvua vya mchoo havina taarifa. Siku moja utakuwa ndani, utasikia mtu anapiga kelele, "Mvuaa!" Mtaa mzima utatoka mbio, wanawake, watoto, wazee, hata mpita njia asiyejulikana ataegesha baiskeli. Usiulize karafuu za nani. Kamata pembe ya jamvi, kunja, na uingize kwenye nyumba yoyote iliyo wazi, ukumbini, penye pakavu.